Sanduku la Njano Msibani

Devotha Kikoti haanzi ukaguzi kwa kutazama kufuli. Kufuli, anasema, hata mwizi huitazama. Yeye huanza kwa kuuliza watu wa mahali hapo huwa wapi siku ambazo hawako kazini.

Kazi yake ni kutathmini ulinzi wa vyanzo vya mionzi katika Nyanda za Juu Kusini. Ni vitu ambavyo watu hupita karibu navyo bila kujua: kipimo kilichofungwa kwenye bomba la mtambo wa kuchenjulia dhahabu, kingine kinachokagua ujazo wa chupa kiwandani, na mashine ambazo mafundi wa barabara huziweka juu ya kifusi kilichoshindiliwa ili kujua kama kimeshikana sawasawa. Ndani ya kila kimoja kuna kipande kidogo kuliko punje ya hindi, kimezungushiwa madini ya risasi na chuma. Kikibaki humo hakimsumbui mtu. Kikitolewa na asiyekijua, au na anayekijua mwenye nia mbaya, kinaweza kuunguza mkono, na kinaweza kuua.

Miaka ya kuzunguka ilimfundisha kwamba kila mahali pana ufa wake. Iringa, alikozaliwa, ufa ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi; mlinzi aliyekuwa macho mwaka mzima anaweza kukutwa amelala saa nne asubuhi. Makongolosi ni uvumi wa dhahabu mpya. Ikisemwa sokoni kwamba kilima fulani kimetoa, hata mwenye bunduki huacha lindo. Rujewa ni mavuno ya mpunga. Devotha aliyaandika hayo yote kwenye taarifa zake bila utani, kama mtu anavyoandika unene wa ukuta.

Mbeya mjini, ufa ni msiba.

Hilo alilijua kazini na alilijua nyumbani. Alikuwa ameolewa mtaa wa Soweto na Asukile, fundi umeme, na wanawake wa mtaa walimwita Mama Aroni kwa jina la mwanawe wa kwanza. Katika nyumba yao alikaa pia mama mkwe wake, Esta, ambaye tangu avunjike nyonga hakutoka tena kitandani bila kushikwa. Esta alikuwa mmoja wa wanawake walioanzisha kikundi cha kuzikana cha mtaa ule. Walianza na sufuria moja ya kuazima. Sasa walikuwa na sufuria kubwa, turubai, mabenchi, na sahani za kutosha watu wa kanisa zima. Kwa Esta, kikundi kilikuwa ndicho mali aliyobakiza duniani. Alijua siku zake zinakaribia, na alichotaka ni kupikiwa na kuzikwa na wale aliowapikia na kuwazikia watu wao.

Kwa sababu Esta hakuweza tena kwenda, Devotha ndiye aliyekwenda badala yake. Kazi yake msibani ilikuwa kumenya ndizi mbichi. Wanawake wa Kinyakyusa walimcheka alivyomenya, wakasema Wahehe kama yeye wanajua ugali tu, ndizi wanaichonga kama mpini wa jembe. Aliporudi nyumbani vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, Esta aliivuta mikono yake, akaitazama, akampaka mafuta ya kula na kuisugua mpaka ule weusi ukalegea. Hakusema mengi. Alisema "ndaga, mwanangu", yaani asante, kisha akalala akiwa ametulia.

Asubuhi moja ya Julai, Devotha alitakiwa kukagua yadi ya kampuni moja ya barabara. Yadi ilikuwa Soweto hapohapo, nyuma ya mashine ya kusaga. Alikwisha kuiarifu ofisi kwamba mahali hapo ni jirani na kwake, ingefaa apelekwe mwingine. Ofisi ikajibu kwamba hakuna mwingine.

Aliyempokea alikuwa Rabson, mhandisi kijana aliyesajiliwa kama msimamizi wa mashine yao ya mionzi ya kupimia kifusi. Alikuwa amesimama nje ya geti akipuliza viganja kwa baridi. Geti lilifungwa kwa waya. Mlinzi hakuwapo.

Rabson aliomba radhi kwa uchangamfu. Kulikuwa na msiba jirani, alisema, mzee Andendekisye, na Gwakisa, mtunza stoo ambaye pia ndiye mlinzi wa mchana, alikuwa huko. Funguo za stoo alikuwa amemwachia mama mmoja wa mtaani.

Devotha aliuliza ni funguo zipi.

"Zote, madam."

Kwa kanuni, stoo ile ilipaswa kuwa na milango miwili na funguo mbili kwa watu wawili tofauti, ili mmoja asiweze kuingia peke yake. Rabson alieleza kwamba yeye hushinda barabarani, wakati mwingine hulala kambini, hivyo ufunguo wake ulikaa kwa Gwakisa ili kazi isikwame. Na Gwakisa naye hakutaka kazi ya wengine ikwame. Rabson alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesifu ushirikiano.

Gwakisa alipofika, suruali yake ilikuwa na majivu ya moto wa msibani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mzee wa kanisa. Alimsalimia Devotha kama jirani, akamuuliza hali ya Esta, ndipo akaona mkoba wa vifaa begani mwake. Akatoa funguo alizozichukua kwa yule mama, akafungua stoo.

Kitu cha kwanza ambacho Devotha aliona ndani kilikuwa masizi. Sakafu ya saruji ilikuwa na alama nyeusi za mviringo, kubwa na ndogo, zimepangwa ukutani kama nyayo. Hakuhitaji kuuliza ni za nini. Aliuliza hata hivyo.

"Ni sufuria zetu, Mama Aroni," Gwakisa alisema. "Za kikundi."

Mara nyingi alikuwa amewasikia wanawake wakisema vyombo viko kwa Gwakisa. Alidhani ni nyumbani kwake. Gwakisa alieleza polepole, bila kujitetea. Vyombo vilikuwa vikiibwa kila vilipowekwa. Nyumba ya mwenyekiti ilivunjwa, chumba cha kanisa kikavunjwa. Hapa palikuwa na mlango wa chuma, nondo, na kufuli ambazo hakuna mwizi wa Soweto aliyezijaribu. Nani angeacha sufuria za mazishi ziibwe na chumba kama hicho kipo mtaani? Mwenyekiti wa kikundi, Tumpe, alipewa funguo ili kifo kikitokea Gwakisa akiwa hayupo, watu wasikae bila chungu.

Kampuni iliwahi kuwa na mashine mbili. Moja ilizeeka, ikarudishwa kwa watengenezaji, na sanduku lake gumu la njano likabaki. Gwakisa aliwapa kikundi wahifadhie sahani. Lilikuwa na alama ya mionzi ubavuni, ile ya rangi mbili inayofanana na mapanga matatu ya feni, na hakuna aliyeibandua. Sanduku la sahani lilikaa karibu na mlango, la mashine lilikaa pembeni kwenye mnyororo.

Devotha aliutazama mnyororo. Ulikuwa umelala sakafuni, haukufunga kitu.

Rabson akasema kwamba jana jioni gari lake liliirudisha mashine, ndani ya sanduku lake la njano, kutoka barabarani. Gwakisa akasema aliipokea kwa haraka, msibani wanamsubiri, akaiweka hapo karibu na mlango akidhani ataifunga asubuhi. Baadaye wanawake walikuja kuchukua vyombo.

Karibu na mlango lilibaki sanduku moja la njano. Gwakisa alipiga goti akalifungua. Lilijaa sahani, zimeoshwa, zimefungwa vizuri ndani ya gunia.

Basi lililokwenda msibani lilikuwa la mashine. Rabson ndiye aliyetoka mbio. Devotha alimwita kwa ukali, akamsimamisha getini. Aliwaambia wote wawili kwamba watatembea kama watu wanaokwenda kutoa pole, na neno mionzi lisitoke mdomoni mwa yeyote. Hofu yake haikuwa watu kukimbia tu. Katika mkusanyiko mkubwa kiasi hicho, lazima yupo anayenunua vyuma chakavu, na anayemjua anayenunua. Sanduku ambalo serikali inalitafuta ni sanduku lenye bei.

Msibani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka moto, mablanketi mabegani. Devotha aliwaamkia wazee, akapita uani. Tumpe alikuwa amesimama juu ya sufuria na mwiko mrefu, sauti yake ikiongoza uwanja mzima.

"Mhehe wetu anakuja ndizi zimeshaiva," aliwatangazia wenzake. "Kisu chako kimechoka kukusubiri."

Wanawake wakacheka, kile kicheko cha chini kinachoruhusiwa msibani. Devotha naye akatabasamu, akamsogelea, akauliza liko wapi sanduku la njano.

"Lile lililogoma? Limefungwa kwa kufuli, tumeazima sahani kwa Wamoravian. Liko ndani kwa Bertha."

Bertha, mjane, alikuwa ameketi chini kwenye godoro katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha. Mgongoni alikuwa ameegemea kitu kilichofunikwa kanga. Wanawake waliomzunguka walikuwa wamelala naye hapo usiku kucha, kama ilivyo desturi, wakibadilishana kumshika.

Devotha alipiga magoti, akatoa pole. Kipimo chake cha mionzi kilikuwa ndani ya mkoba, sauti ameizima. Alikisogeza kana kwamba anatafuta leso. Namba alizoziona zilikuwa zile za mashine iliyofungwa na iliyo salama. Akapapasa chini ya kanga, akaikuta kufuli, haikuguswa. Akaufunga mkoba.

Hapo ingewezekana mtu kusema tatizo limekwisha. Kwa Devotha ndipo lilipoanza.

"Mama, naomba nikuwekee mto," alisema. "Hili ni sanduku la kampuni. Limekuja kwa makosa."

"Liache kidogo, mwanangu. Mgongo ndiyo kwanza umetulia."

"Haliwezi kukaa, mama."

Bertha alimtazama kwa mara ya kwanza. "Lina nini?"

Wanawake wengine walikuwa wakisikiliza. Devotha alisema, taratibu, kwamba ndani kuna kitu kinachotakiwa kulindwa, kwamba hakijamdhuru, na kwamba baada ya mazishi atakuja yeye mwenyewe kumweleza yote. Bertha akajivuta mbele. Gwakisa na Rabson wakaingia, wakalibeba likiwa na kanga juu yake. Walipopita kwenye moto, mzee mmoja akauliza kama kampuni nayo imeanza kuiba nyama za msiba. Gwakisa akajibu kwamba kampuni haijawahi kushiba. Watu wakacheka, na sanduku likatoka.

Lilifungwa kwenye mnyororo kabla jeneza halijatolewa nje. Devotha alichukua funguo zote. Kisha akaenda makaburini na wenzake.

Jioni ile Tumpe alikuja nyumbani. Alikwenda kwanza kwa Esta, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia mazishi yalivyokuwa: nani alihubiri, nani alizimia, wali ulivyobaki. Ndipo akamfuata Devotha jikoni, akafunga mlango. Gwakisa alikuwa amemweleza.

Tumpe alisema kwamba hakujua. Devotha akajibu kwamba anaamini hivyo. Tumpe akasema sanduku limerudi, halikufunguliwa, hakuna aliyeumia. Devotha akakubali yote.

"Basi andika limekutwa mahali pake. Si liko mahali pake?"

"Sasa hivi liko."

"Nani atakuuliza saa?"

Devotha alijaribu kueleza. Kilichomtisha si usiku mmoja msibani. Mtaa mzima ulijua chumba kile kinafunguliwaje na nani ana funguo, na kila kifo kilikifungua tena. Safari nyingine wangeweza kuja watu wasiotafuta sahani. Kama ataandika sanduku lilikutwa mahali pake, chumba kitabaki kama kilivyo, na taarifa itasema kiko salama.

Tumpe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mjinga na hakujifanya haelewi.

"Gwakisa atafukuzwa," alisema. "Vyombo vitatupwa nje. Na jina langu litakaa kwenye karatasi ya serikali kama la mwizi. Mimi ndiye nitakayemwogesha mama mkwe wako siku yake, Mama Aroni. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Unaandika nini?"

"Ninaandika ilivyokuwa."

Tumpe alifungua mlango. Alimuaga Esta kwa sauti ileile ya kuchangamka aliyoingia nayo.

Taarifa ilikwenda. Devotha aliiandika kwa uangalifu kuliko zote alizowahi kuandika. Jina la Tumpe hakuliweka, kwa sababu halikuhitajika. Aliandika kwamba funguo zilikuwa kwa mtu asiye mwajiriwa. Kosa la kwanza alilitaja kuwa la msimamizi aliyeachia ufunguo wake, la pili la kampuni iliyotumia mtunza stoo kama mlinzi, la tatu lile la alama iliyoachwa kwenye sanduku tupu. Kosa la Gwakisa alilitaja mwisho kabisa. Alipendekeza apewe mafunzo.

Kampuni iliisoma kwa namna yake. Rabson alihamishiwa kambi nyingine. Gwakisa aliachishwa kazi. Sufuria, mabenchi na turubai viliwekwa nje ya geti mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia, na wanawake wakavihamishia uani kwa Tumpe. Kabla ya mwezi kwisha, sufuria kubwa mbili zilikuwa zimeibwa.

Ahadi yake kwa Bertha Devotha alikuwa ameitimiza mara tu watu walipotawanyika msibani. Alimweleza kilichokuwamo, akamwonyesha kwa mifano kwamba kiasi kilichompata ni kidogo, akajitolea kumpeleka hospitali kama atapenda. Bertha alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Ukaniacha nikaenda kuzika sijui."

"Ndiyo, mama."

"Na wale walionishika usiku?"

Devotha akasema atakwenda kwa kila mmoja wao. Na alikwenda. Baadhi walimshukuru. Baadhi hawakumkaribisha kiti. Mwingine akamuuliza kama ndicho kilichomuua Andendekisye, ambaye jioni nyingi alizoea kukaa na Gwakisa yadini wakipiga soga. Devotha akakana, akaeleza, akarudia kueleza. Kabla hajamaliza mzunguko wake, habari ilikuwa imemtangulia: Gwakisa alihifadhi kitu kinachoua watu, na Mhehe alikijua. Gwakisa aliacha kukaa kiti cha wazee kanisani. Wakikutana njiani bado alimsalimia Devotha na kumuuliza hali ya Esta. Hilo lilimuumiza kuliko wale waliogeuza uso.

Aliendelea na kazi. Alikwenda Iringa, akaenda Makongolosi, akaongeza swali jipya kwenye maswali yake: humu ndani wamewahi kuhifadhi kitu cha nani mwingine? Majibu yalikuwa mengi. Mahali pamoja palikuwa na mahindi ya kwaya. Kwingine palikuwa na jeneza la akiba. Chumba chenye kufuli nzuri, aligundua, ni mali ya wote.

Msiba uliofuata Soweto ulitokea Oktoba. Esta alimhimiza mapema awahi. Devotha alivaa kanga zake, akaenda, akasalimia, akaitikiwa. Uani ndizi zilikuwa zimerundikwa kwenye majani, wanawake wamezizunguka. Alikaa mahali alipozoea kukaa. Tumpe alipita akigawa visu. Alimpa wa kulia kwake, akampa wa kushoto kwake.

"Wewe pumzika, Mama Aroni," alimwambia kwa heshima. "Una kazi kubwa."

Hakuna aliyemtania. Kama wangemwambia kwamba Wahehe wanajua ugali tu, angejua pa kuanzia. Walizungumza mambo mengine, kwa upole, wakimpisha miguu kila walipopita na maji. Alinyoosha mkono kuokota maganda, mwanamke mmoja akamtangulia kuyaokota. Alikaa hapo mikono mapajani mpaka chakula kilipoiva, akapakuliwa sahani kama mgeni, nyama imewekwa juu.

Aliporudi nyumbani Esta alikuwa macho, amegeukia mlangoni. Aliuliza watu walikuwa wengi. Akaambiwa wengi. Aliuliza Tumpe hajambo. Akaambiwa hajambo, anawasalimu.

"Walikupa kisu?"

Mwanamke ambaye hakukubali kubadilisha sentensi moja kwenye taarifa alisimama na leso mkononi.

"Walinipa, mama."

Esta aliivuta mikono yake kama siku zote, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi. Chupa ya mafuta ilikuwa tayari kwenye stuli kando ya kitanda, kizibo kimefunguliwa. Esta alimimina kidogo kiganjani, akaanza kuvisugua vidole, kimoja baada ya kingine, pale ambapo utomvu ungekuwapo. Hakusema ndaga.